Titus Brandsma, Padri wa Magazeti

Mwaka jana nilikabidhiwa gazeti la ukutani la chama chetu. Rafiki yangu akaninunulia mandazi mawili ili nibandike uvumi kuhusu msichana mmoja wa darasa letu. Nikabandika. Msichana yule hakuja shule siku tatu. Mpaka leo nikipita ukuta ule naona haya. Ndiyo maana nilipoyasoma maisha ya huyu padri, niliona kama ananitazama usoni.

Titus Brandsma alizaliwa mwaka wa 1881 katika jamii ya wakulima huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Mwaka wa 1898 alijiunga na shirika la Wakarmeli, na mwaka wa 1905 akapata upadri. Mwili wake ulikuwa dhaifu, lakini kwa kazi, jamani, alikuwa mchwa! Kuanzia mwaka wa 1919 alikuwa mhariri mkuu wa gazeti la mji wa Oss. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Nijmegen kilipofunguliwa mwaka wa 1923, alianza kufundisha falsafa humo, na mwaka wa 1932 akawa mkuu wake. Mwaka wa 1935 aliteuliwa kuwa mlezi wa kiroho wa waandishi wa habari Wakatoliki. Wakati huohuo aliwakosoa Wanazi waziwazi, darasani na magazetini.

Basi, Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yakaivamia Uholanzi. Mwishoni mwa mwaka wa 1941 magazeti yakaamriwa kuchapisha matangazo ya chama cha Wanazi wa Uholanzi. Mhariri angefanyaje? Akikataa, gazeti litafungwa na wafanyakazi wamwage unga. Akikubali, atakuwa ameuza kalamu yake. Askofu Mkuu De Jong na Brandsma waliamua kwamba magazeti ya Kikatoliki yakatae.

Brandsma angeweza kutuma barua tu na kuketi. Hakufanya hivyo. Akiwa na umri wa miaka 60, tena wakati wa baridi, alifunga safari mwenyewe, mji hadi mji, akiwaeleza wahariri ana kwa ana uamuzi huo na hatari yake.

Tarehe 19 Januari 1942 alikamatwa. Alipohojiwa hakukana lolote, bali aliandika sababu za Wakatoliki kukipinga chama kile. Alihamishwa jela hadi jela, na mwezi wa Juni akafikishwa kambi ya Dachau, Ujerumani. Tarehe 26 Julai 1942 aliuawa kwa sindano ya sumu. Muuguzi aliyemdunga alikuwa amepewa rozari na Brandsma mwenyewe, na baadaye ndiye aliyetoa ushahidi wa kifo hicho. Tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu.

Wahenga walisema fedha fedheha. Brandsma alikataa matangazo ya kulipiwa, akalipa kwa uhai wake. Mimi, bila kutishwa na mtu, niliuza ukuta kwa mandazi mawili!

Muhula huu nilimwendea msichana yule, nikamwomba msamaha. Hakunijibu kitu. Lakini juzi alileta shairi lake la kubandikwa. Nimeliweka juu kabisa, mahali palepale palipokuwa na uvumi. Pitieni mlisome.