Mganga Louise Pearce

Louise Pearce alizaliwa Marekani mwaka 1885, akawa mganga. Siku zile malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, uliua watu wengi kwetu Kongo. Mwaka 1920 Bibi Pearce alikuja peke yake mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kujaribu dawa mpya iitwayo triparsamidi.

Dawa hiyo iliua vijidudu vya malale, lakini ndani yake mlikuwa na sumu ya arseniki. Basi aliipima kwa uangalifu, akachunguza damu ya wagonjwa na macho yao. Wengi walipata nafuu. Baadaye, huko Kameruni, mamia ya wagonjwa walizidishiwa kipimo, wakapofuka.

Bibi Pearce alifariki mwaka 1959. Watoto, kumbukeni: dawa ile ile huponya kwa kipimo, hudhuru pasipo kipimo.