Dimensia hushika hadi miguu: Maisha ya Immanuel Kant na somo kwa wanaotunza wazee

Tukisikia mzee ana dimensia, wengi wetu hufikiria kusahau tu: anarudia swali lile lile, anapoteza funguo, anamwita mjukuu kwa jina la mtoto. Familia hushtuka baadaye mgongo unapoinama, nyayo zinapoanza kuburuzika, mwili unapoegemea upande mmoja kitini na mzee anapoanza kuanguka. Wengine hudhani ni ukaidi au uvivu. Wengine hudhani amerogwa.

Ukweli ni kwamba ubongo ule ule unaotunza kumbukumbu ndio unaoshikilia mwili usimame. Ndio unaopima umbali wa ngazi, unaoamuru misuli ikaze au ilegee, na unaokumbuka hatua za kuketi na kuinuka. Ukiharibika, mwendo nao huharibika. Wiki hii tutalitazama jambo hilo kupitia maisha ya mtu maarufu aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, ambaye miaka yake ya mwisho iliandikwa kwa makini na rafiki aliyemtunza.

Immanuel Kant alizaliwa Aprili 22, 1724 katika mji wa Königsberg, huko Prussia. Leo mji huo unaitwa Kaliningrad na uko nchini Urusi. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu na mikanda ya farasi, na mama yake alifariki Kant akiwa na umri wa miaka 13. Alikua mfupi, mwembamba, mwenye kifua kilichobonyea ndani. Mwaka 1770 akawa profesa wa chuo kikuu cha mji huo, na mwaka 1781 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu mipaka ya akili ya binadamu, kinachosomwa na wanafalsafa hadi leo. Hakuoa na hakuwa na mtoto.

Kwa kuwa mwili wake haukuwa na nguvu nyingi, aliulinda kwa ratiba. Aliamshwa saa 11 alfajiri na mtumishi wake, Martin Lampe, askari mstaafu. Baada ya chakula cha mchana alitoka kutembea, kila siku, kwa saa ile ile. Inasimuliwa kwamba majirani walirekebisha saa zao walipomwona akipita. Hata usiku alikuwa na mpango: kamba ilifungwa kwenye kitanda chake na kupelekwa hadi chumba cha pili, ili akiamka gizani aifuate asipotee.

Mwaka 1796, akiwa na miaka 72, aliacha kufundisha. Polepole ishara zikajitokeza. Alisimulia hadithi ile ile zaidi ya mara moja kwa siku moja. Mambo ya ujana aliyakumbuka vizuri, ya jana yakampotea. Akaanza kuandika vikumbusho kwenye vipande vya karatasi, hadi vipande vyenyewe vikachanganyikana. Rafiki yake Ehregott Wasianski, mchungaji wa kanisa aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akampa kijitabu kimoja badala ya vile vikaratasi. Kufikia mwaka 1801 Wasianski ndiye aliyesimamia fedha na nyumba ya mwalimu wake.

Kisha miguu ikaanza kumsaliti. Kant, ambaye alipenda kuchunguza kila kitu, alibuni mtindo wake wa kutembea: alishusha wayo mzima kwa mara moja, kwa kishindo, akiamini kwamba wayo ukigusa ardhi wote utamshikilia vizuri zaidi. Wazo hilo halikuwa la ajabu. Wataalamu wa fiziotherapia leo huwafundisha baadhi ya wagonjwa wanaoburuza nyayo wahesabu hatua au wanyanyue mguu kana kwamba wanavuka mstari. Mwendo ambao ubongo hauufanyi tena wenyewe unaweza kusaidiwa kwa kuufikiria.

Lakini msaada huo una kikomo. Siku moja Kant alianguka barabarani na hakuweza kujiinua. Wasichana wawili walimkimbilia na kumwinua. Akawashukuru kwa adabu, na mmoja wao akapewa na Kant ua la waridi ambalo Kant alikuwa amelishika mkononi. Baada ya hapo, kwa maoni ya Wasianski, ndipo alipoacha mazoezi ya kutembea.

Hapa pana somo la kwanza. Mzee akianguka mara moja, hofu humfunga yeye na familia. Tunamwambia akae, asihangaike. Misuli isiyotumika hunyauka haraka uzeeni, viungo hukakamaa, na anguko la pili husogea karibu. Baada ya kuanguka, kwanza hakikisha hajaumia. Usimnyanyue kwa haraka: muulize maumivu, tazama kichwa, nyonga na mikono. Akiwa amegonga kichwa, hawezi kukanyaga, au mguu mmoja umekuwa mfupi au umepinda kwa nje, usimsogeze bila ulazima na tafuta msaada wa hospitali. Akiwa salama, mrudishe kutembea, hata kama ni kutoka kitandani hadi mlangoni mara chache kwa siku, ukiwa pembeni yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1802 Lampe, aliyemtumikia kwa takriban miaka 40, aliondolewa kazini. Alikuwa amezeeka, amekuwa mlevi, na hakufaa tena kumtegemeza mtu anayeyumba. Nafasi yake ilichukuliwa na mtumishi mwingine. Mabadiliko hayo yalimsumbua sana Kant, kwa sababu mgonjwa wa dimensia huishi kwa mazoea. Ukilazimika kubadili mtunzaji, wape wote wawili siku kadhaa za kuwa pamoja kabla ya wa kwanza kuondoka.

Hatari nyingine ikawa kiti. Kant alisinzia akiwa ameketi, kichwa kikaanguka mbele. Jioni, akisoma karibu na mshumaa, kofia yake ya usiku ilishika moto. Wasianski hakumkaripia. Alibadili mshono wa kofia, akamsogeza mbali na mishumaa, akaweka maji karibu. Mzee alipoanza kuporomoka kutoka kitini hadi sakafuni, ambako alilala kimya mpaka mtu aingie, rafiki huyo alimtafutia kiti chenye egemeo la mviringo lililofungwa kwa mbele.

Wazo la kiti chenye egemeo ni jema, ila kumfungia mtu ndani ya kiti leo wataalamu hawalipendi. Mgonjwa anaweza kujaribu kujitoa na kuanguka vibaya zaidi, na kumfunga kwa kanga au mkanda kunaweza kumkaba. Tumia kiti kigumu chenye mgongo na mikono, cha urefu unaoruhusu nyayo zote mbili kukaa sakafuni. Sofa laini inayozama humfanya ashindwe kuinuka, na kigoda hakina cha kuegemea. Akiegemea upande mmoja, kunja taulo au weka mto mdogo ubavuni. Kama anainama mbele wakati wa kula, mkalishe wima kwanza, mpe tonge dogo dogo, na asilale mara tu baada ya kumaliza, kwa sababu chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Kumwinua pia kuna utaratibu. Asogee ukingoni mwa kiti, avute nyayo nyuma kidogo chini ya magoti, ainamishe kifua mbele, kisha asukume kwa mikono. Toa agizo moja, subiri, halafu toa la pili. Simama mahali anapokuona. Usimvute kwa mikono wala kwapani, maana utamuumiza bega na wewe utaumia mgongo. Wakati wa kuketi, mwache ahisi kiti nyuma ya miguu yake na akishike kwa mkono kabla ya kujishusha.

Mwaka 1803 usiku ukawa mgumu. Kant alipata ndoto za kutisha na kuamka kwa hofu. Alivuta kengele kumwita mtumishi, lakini hata mtumishi alipokuja mbio alimkuta ameshatoka kitandani, mara nyingi yuko chini. Wasianski alimbembeleza kwa muda mrefu akubali mtumishi alale chumba kimoja naye. Kant, aliyezoea kulala katika giza totoro, akaanza pia kuwekewa taa usiku.

Hayo mawili, mtu wa karibu na mwanga, bado ni kinga nzuri. Ongeza kitanda kifupi, njia ya kwenda chooni isiyo na vikwazo, na sakafu kavu. Ondoa mikeka na mazulia yanayokunjamana. Badala ya ndala, mpe viatu vilivyofunika kisigino na visivyoteleza. Mpeleke haja kabla ya kulala, kwa sababu wazee wengi huanguka wakikimbilia choo.

Wasianski alimleta pia dada mdogo wa Kant, Katharina Barbara, mjane mwenye zaidi ya miaka 70, akae naye. Asubuhi ya Oktoba 8, 1803, akitembea huku ameegemea mkono wa dada huyo, Kant alianguka ghafla na kupoteza fahamu. Alizinduka, lakini hakurudi alivyokuwa. Kufikia Desemba alishindwa kutia saini jina lake.

Leo haiwezekani kuthibitisha alikuwa na aina gani ya dimensia. Baadhi ya madaktari wa zama zetu wametaja ugonjwa wa Alzheimer, wengine dimensia ya Lewy, ambayo huja na mwili kukakamaa, kuanguka na ndoto kali. Kwa mgonjwa wako tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa baadhi ya dawa za kutuliza fujo huweza kumkakamaza vibaya mwenye dimensia ya Lewy. Dawa za usingizi na za shinikizo la damu nazo zinaweza kumyumbisha. Usizikatize mwenyewe. Zibebe zote, mpelekee daktari azipitie.

Zingatia pia kasi. Dimensia nyingi hubadili mwendo polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyetembea vizuri juzi na leo hawezi kusimama, au ameegemea upande mmoja ghafla, huenda ana kiharusi, maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, au mfupa uliovunjika bila kuonekana. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na yule asiyeweza tena kutoka kitandani ageuzwe takriban kila saa mbili, na ngozi ya makalio, nyonga na visigino ikaguliwe kila siku ili asipate vidonda.

Februari 3, 1804, daktari alimtembelea Kant. Mzee alisimama kumpokea, miguu ikitetemeka, na akakataa kukaa. Daktari alidhani hajielewi, akazidi kumsihi aketi kabla hajaanguka. Wasianski, aliyemfahamu kwa miaka mingi, akaeleza kwamba mwenyeji alikuwa anasubiri mgeni aketi kwanza, kama adabu inavyotaka. Daktari alipokaa, Kant naye akakaa. Siku tisa baadaye, Februari 12, alifariki, akiwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka 80.

Mzee wako akisimama katikati ya chumba na kugoma kuketi, usianze kwa kumsukuma. Mshike kiwiko taratibu asianguke, kisha angalia anachongoja. Pengine kiti hakioni, pengine goti linamuuma, pengine anataka wewe ukae kwanza.