Thomas Odhiambo na Hadhi ya Mdudu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha makazi mapya ya Wakamba huko Makueni ili kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika vilima vya Machakos. Kizuizi kimojawapo kikubwa kilikuwa mbung'o, nzi aenezaye nagana kwa ng'ombe. Ili mbung'o akose kivuli, vichaka vilifyekwa. Mdudu hakuulizwa habari zake. Aling'olewa pamoja na miti iliyomhifadhi.

Wakati huo, mbali na Ukambani, mwanafunzi mmoja wa Shule ya Maseno aliwatazama wadudu kwa jicho jingine. Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, na mapenzi yake kwa wadudu yalianza utotoni. Watoto wengi hufukuza panzi na kuokota kumbikumbi, kisha hukua wakawasahau. Yeye hakuwasahau.

Kutoka Maseno aliingia Makerere, kisha akafanya kazi ya elimu ya wadudu katika idara ya kilimo ya Uganda. Huko ndiko alikomchunguza mdudu mmoja wa ukoo wa kunguni, mwindaji wa wadudu wenziwe, ambaye dume lake ndilo linaloyalinda mayai hadi yaanguliwe. Makala yake kuhusu malezi hayo ilichapishwa mwaka 1959. Baba mlezi miongoni mwa kunguni! Jambo hilo lisingeonekana na mtu aliyeshika chupa ya sumu.

Huko Cambridge alisomea fiziolojia ya wadudu chini ya V. B. Wigglesworth, akashughulikia homoni za nzige wa jangwani, na mwaka 1965 akapata shahada ya uzamifu. Alirudi Nairobi kufundisha. Mwaka 1967 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala yake kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikaanzishwa ICIPE, kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ekolojia ya wadudu, chini ya uongozi wake. Shabaha yake ilikuwa bayana: mdudu wa Afrika achunguzwe Afrika, na Waafrika wawe watafiti, si wabeba vifaa tu.

Makao ya kituo hicho huko Kasarani yaliitwa Duduville. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita jina hilo bila kutua. Neno mdudu limebebeshwa mzigo mzito: ndani yake mna nyuki, funza, hata kijidudu cha maradhi; na likigeuzwa kuwa dudu, hupata ukubwa na dharau. Jina hilo limelibandika neno la dharau kwenye mlango wa taaluma.

Matunda ya mtazamo huo yalidhihirika kwa mbung'o yuleyule. Jike lake halitagi mamia ya mayai. Hubeba buu mmoja kwa wakati mmoja na kumlisha tumboni. Kwa kuwa uzazi wake ni wa polepole, hata kunasa sehemu ndogo tu ya majike kila siku hupunguza kizazi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa ICIPE huko Nguruman walitengeneza mitego ya vitambaa iliyotiwa harufu ya mkojo wa ng'ombe, ambayo wafugaji wenyewe waliweza kuishona na kuitunza. Miti ikabaki imesimama.

Mwaka 1987 Odhiambo alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi dhidi ya njaa pamoja na Abdou Diouf wa Senegali. Aliondoka ICIPE mwaka 1994, lakini kituo kiliendelea. Huko Mwingi, ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Kitui, wakulima walifunzwa kufuga nondo wa hariri ya porini wanaokula majani ya migunga, na kuboresha ufugaji wa nyuki, kazi ambayo Wakamba walikuwa wakiifanya kwa mizinga ya magogo tangu enzi.

Odhiambo alifariki tarehe 26 Mei 2003. Mwaka huohuo nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa nchini Kenya, naye akaja kuwa adui wa maembe ya Makueni. Safari hii wakulima hawakuambiwa wafyeke miembe. Walifundishwa kutega madume kwa harufu, kuzika au kufungia maembe yaliyoanguka yenye mabuu, na kuwaachia nafasi nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nzi huyo.