Grace Hopper: Mwanamke aliyeifundisha kompyuta lugha ya biashara

KARANI anayeandaa mishahara, au mwenye duka anayepokea malipo kupitia benki, halazimiki kujua mambo yanayotendeka ndani ya kompyuta. Mwanzoni haikuwa hivyo. Mmoja wa watu waliochangia sana kuleta mabadiliko hayo ni Grace Hopper, mwalimu wa hisabati wa Marekani ambaye pia alikuwa ofisa wa Jeshi la Majini.

Alizaliwa New York Desemba 9, 1906. Alisoma hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar, kilichokuwa cha wanawake watupu, na kuhitimu mwaka 1928. Mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, huku akiendelea kufundisha Vassar.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, aliomba kujiunga na jeshi. Kulikuwa na vikwazo: umri ulikuwa umesogea na uzito wake haukufikia kiwango. Hakukata tamaa, na mwaka 1943 alikubaliwa kwa kibali maalumu.

Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kuandika programu za Mark I, mashine yenye urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa takriban tani tano.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha. Maelekezo yaliandikwa kwa tarakimu, na sehemu zilizohitajika mara kwa mara zilinakiliwa kwa mkono kutoka daftari moja hadi jingine. Kila mfanyabiashara anajua makosa yanayojitokeza hesabu zinapohamishwa kwa namna hiyo.

Mwaka 1949 Hopper alijiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC I. Mwaka 1952 alikamilisha A-0, programu iliyoiwezesha kompyuta yenyewe kukusanya sehemu hizo kutoka kwenye utepe na kuziunganisha. Wengi hawakuamini kwamba mashine ingeweza kufanya kazi hiyo.

Hata hivyo, wazo lake kubwa lilikuwa bado. Hopper alitambua kwamba watunza stoo na wahasibu si wanahisabati, na kwamba alama za hisabati zingewafukuza. Alipendekeza maelekezo yaandikwe kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Alipingwa kwa hoja kwamba kompyuta haielewi maneno. Aliendelea, na matokeo yake yakawa FLOW-MATIC, lugha iliyotumika kwa kazi za biashara katika miaka ya 1950.

Lilibaki tatizo la gharama. Kila aina ya kompyuta ilikuwa na programu zake. Aliyenunua mashine ya kampuni nyingine alilazimika kuandika upya kila kitu, sawa na mkulima anayebadili pampu na kukuta mabomba yote ya zamani hayaingii.

Mwaka 1959 mwanamke mwingine, Mary Hawes, alihimiza iundwe lugha moja ya biashara. Wataalamu wa serikali na kampuni walikutana, Hopper akiwa mmoja wa washauri. Kati ya watu sita walioandaa rasimu ya mwisho, wawili walikuwa wanawake: Jean Sammet na Gertrude Tierney. Lugha hiyo ni COBOL, iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya msingi wa FLOW-MATIC. Desemba 1960, programu ileile ilifanya kazi katika kompyuta za kampuni mbili tofauti.

Mwaka 1969 chama cha wataalamu wa kompyuta kilimtunuku Hopper. Jina la tuzo hiyo lilikuwa Mwanamume Bora wa Mwaka.

Alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79. Alifariki Januari 1, 1992. Mwaka 2016 alipewa Nishani ya Rais ya Uhuru, miaka 24 baada ya kifo chake.

Wanawake waliokuja nyuma yake hawakuongezeka kama ilivyotarajiwa. Nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1980, wanawake walikuwa takriban 37 kati ya kila wahitimu 100 wa shahada ya kwanza ya kompyuta. Kufikia mwaka 2010 walikuwa chini ya 20. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba kompyuta za nyumbani zilitangazwa kama vifaa vya wavulana, hivyo wasichana wakafika chuoni wakiwa nyuma.

Hiyo ni hasara ya kiuchumi. Anayechagua mbegu katika nusu tu ya gunia hawezi kujua ameacha nini katika nusu nyingine. Jeshi lingeshikilia kanuni zake za umri na uzito, Hopper angerudi darasani Vassar. Hadi leo, benki kubwa za Marekani bado zinafanya sehemu ya hesabu zake kwa COBOL.