Jim Thorpe: Staa wa Mpira wa Marekani Aliyenyimwa Medali, Kisha Akanyimwa Ushago

Ukiskia NFL unafikiria helmeti na mabilioni, sivyo? Sasa skiza stori ya msee aliyecheza kabla chapaa haijaingia. Wewe wa Tetu utaishika haraka kuliko wengi, hasa ile sehemu ya kaburi.

Jim Thorpe alizaliwa karibu 1887 huko Oklahoma, kabila la Sac and Fox, watu waliokuwa Marekani kabla mzungu afike. Pacha wake Charlie alidedi wakiwa bado watoto. Baadaye Jim akapelekwa Carlisle, shule ya bweni ya serikali kule Pennsylvania, ambapo watoto wa wenyeji walinyolewa nywele na kukatazwa lugha ya mama. Kama umewahi kuvalishwa diski shuleni juu ya kubonga Kikuyu, unajua hiyo game. Hii ilikuwa mbaya zaidi.

Shida ni kwamba hao watoto walijua mpira, ule wa kukimbia na mpira mkononi, si huu wa Ruring'u. Kochi wao alikuwa Pop Warner. 1911 wakaenda kwa masonko wa Harvard, Jim akiwa na mguu mbovu, na bado akapiga mipira minne katikati ya milingoti. Carlisle 18, Harvard 15. Mwaka uliofuata wakanyorosha timu ya jeshi 27-6, na kwa hiyo timu ya jeshi alikuwemo Dwight Eisenhower. Eeh, yule aliyekuja kuwa rais.

Hiyo 1912 ndiyo alienda Olimpiki ya Stockholm. Dhahabu ya pentatloni, dhahabu ya dekatloni. Inasemekana viatu vyake viliibwa akaokota vingine. Picha iko, tafuta: njumu mbili hazifanani hata kidogo.

Halafu ngori ikaanza. Januari 1913 ikajulikana alikuwa amelipwa hela kidogo kucheza besiboli kitambo. Sheria ilisema malalamiko yaletwe ndani ya siku 30. Zilikuwa zimepita miezi sita. Walimnyang'anya medali hivyo hivyo. Jina lake lilirudishwa kama mshindi pekee 2022, na manze, alikuwa amekufa miaka 69.

Lakini hakukaa akilia. 1915 Canton Bulldogs wakamsaini kwa dola 250 kila mechi, pesa ndefu hiyo enzi, akawa mchezaji na kochi pamoja. 1920 timu zilipoungana kuunda ligi iliyokuja kuitwa NFL, yeye ndiye aliwekwa rais wa kwanza, ili jina lake livute watu.

Sehemu inaniuma mimi ni Oorang Indians, 1922 na 1923. Mdosi alikuwa mfuga mbwa wa LaRue, Ohio, kamji kasikofikisha watu 1,000. Alinunua timu ili auze mbwa. Wachezaji wote wenyeji asilia, kochi Jim, na wakati wa mapumziko badala ya kupumzika walikuwa wanafanya maonyesho na mbwa. Walishinda mechi 4 kati ya 20. Ungeshinda ngapi wewe?

Aliacha 1928. Baada ya hapo mjengo, kuchimba mitaro, sehemu ndogo ndogo kwa filamu. Alikufa California 28 Machi 1953, bila doh.

Sasa kaburi. Unajua Kimathi wetu alinyongwa Kamiti 18 Februari 1957, familia ikaachwa ikitafuta mabaki miaka na miaka. Wa Jim walikuwa na mwili, wakaanza matanga ya kimila Oklahoma. Katikati ya sherehe, mke wake wa tatu akaingia na polisi akauchukua. Aliupeleka Pennsylvania, kwa mji uliokubali kubadilisha jina uitwe Jim Thorpe, ukitumaini watalii. Wanawe walienda kortini, wakashinda 2013, wakapoteza kwa rufaa 2014, na 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kusikiza kesi.

Bado yuko huko. Kwa kaburi waliweka udongo kidogo wa Oklahoma.