Emil Fischer, Mtaalamu wa Kufuli na Ufunguo

Ng'ombe hula majani akanenepa. Wewe ukila majani hayo hayo hutashiba wala hutapata nguvu. Kwa nini iko hivyo? Mtu aliyetuonyesha njia ya kulijibu swali hili ni Emil Fischer. Soma kwa makini habari za maisha yake.

Fischer alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa Euskirchen, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, naye alitaka mwanawe afuate kazi hiyo. Kijana akawekwa katika biashara ya mbao, lakini hakuiweza. Basi baba akamruhusu kwenda chuo kikuu, na huko akajifunza kemia.

Mwaka 1875 Fischer alitengeneza kemikali mpya. Kwa kemikali hiyo aliweza kuzitambua sukari za aina mbalimbali zilizofanana sana. Lakini kemikali ile ilikuwa sumu. Aliitumia kwa miaka mingi, nayo ikamharibia afya. Ndiyo maana wewe unakatazwa kunusa au kushika ovyo kemikali za maabara.

Mwaka 1894, akiwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Berlin, alieleza jaribio muhimu. Alichukua vitu viwili vilivyotengenezwa kwa sukari iitwayo glukosi. Vilifanana kabisa, ila sehemu moja ndogo ilielekea upande tofauti. Kisha akavitia vimeng'enya. Vimeng'enya ni protini zinazosaidia kuvunja au kuunganisha vitu katika viumbe hai. Kimeng'enya cha hamira kilikivunja kitu cha kwanza, kikakiacha cha pili. Kimeng'enya cha lozi kilikivunja cha pili, kikakiacha cha kwanza!

Fischer akafananisha jambo hilo na kufuli na ufunguo. Ufunguo wa jirani haufungui kufuli lenu, ingawa umetengenezwa kwa chuma kile kile. Vivyo hivyo, kimeng'enya hufanya kazi juu ya kitu ambacho umbo lake linalingana na lake.

Sasa mfikirie tena ng'ombe. Wanga wa muhogo na selulosi ya majani vyote ni minyororo ya glukosi, ila vimeungwa kwa namna tofauti. Vimeng'enya vyako hulingana na wanga, lakini havilingani na selulosi. Tumboni mwa ng'ombe wamo bakteria wenye vimeng'enya vinavyolingana na selulosi. Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba bakteria wengine hukusanya vimeng'enya vyao vingi pamoja juu ya protini moja ndefu. Hapo pia protini hushikana kwa sababu maumbo yake yanalingana.

Fischer alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902. Baadaye alipata huzuni kubwa, kwani wanawe wawili kati ya watatu walifariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1919. Mfano wake wa kufuli na ufunguo ungali unafundishwa duniani kote.

Zoezi
1. Tafuna polepole kipande cha muhogo uliochemshwa. Ladha yake inabadilikaje? Eleza sababu.
2. Kwa nini huwezi kuishi kwa kula nyasi?
3. Eleza mfano wa kufuli na ufunguo kwa maneno yako mwenyewe.