Playfair, Mchoraji wa Namba

Likizo iliyopita nilipata kibarua cha kuandaa ripoti ya wiki ya diski za seva katika ofisi moja. Kila dakika tano mtambo unaandika diski zimetumia milisekunde ngapi kujibu. Kwa siku ni namba 288, kwa wiki 2,016. Nikazipanga zote kwenye jedwali, kurasa kibao, nikajiona nimefanya kazi. Msimamizi akanirudishia: chora. Nikachora mstari, na pale pale ukatokea mlima kila saa nane usiku, muda ambao data zinanakiliwa kwa ajili ya akiba. Zile namba nilikuwa nazo siku zote, ila mlima sikuuona.

Nikaanza kumtafuta aliyetuanzishia michoro hii. Kumbe ni Mskochi, William Playfair, aliyezaliwa mwaka 1759 karibu na Dundee. Baba yake, mchungaji, alifariki William akiwa bado mtoto, akalelewa na kaka yake John, ambaye baadaye alikuwa profesa wa hisabati Edinburgh. John alimpa zoezi la kusoma kipimajoto kila siku na kuchora alichoona. Sisi tunaosomea ualimu tungejivunia somo kama hilo! Gharama yake ni kipimajoto na karatasi tu.

Akaenda kujifunza ufundi kwa Andrew Meikle, mtu wa mashine za kupura nafaka, na mwaka 1777 akawa mchoraji wa James Watt kule Birmingham. Alipoacha kazi hiyo akafungua biashara ya vitu vya fedha, ikafa.

Mwaka 1786 akatoa atlasi ya biashara ambayo haikuwa na ramani hata moja. Miaka aliilaza chini, paundi akazisimamisha pembeni, halafu mstari mmoja ni bidhaa zinazoingia Uingereza, mwingine zinazotoka. Nafasi katikati ya mistari aliipaka rangi, hivyo unaona mara moja nchi inapata au inapoteza. Kwa Uskochi alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja hauchoreki mstari, basi akasimamisha nguzo kwa kila nchi iliyofanya biashara nayo. Yaani chati ya nguzo ilizaliwa kwa uhaba wa data, na mwenyewe hakuipenda sana. Chati ya duara ilifuata mwaka 1801.

Lakini jamani, huyu bwana hakuwa malaika. Akiwa Paris alijiingiza kwenye kampuni iliyowauzia Wafaransa mashamba ya Ohio, Marekani. Watu wakavuka bahari, wakafika na kukuta hati zao hazina thamani. London alifungua benki, ikaanguka, akafungwa kwa madeni. Uzeeni alijaribu hata kumtisha tajiri mmoja ili apate hela. Sijui nitawaambiaje wanafunzi wangu kwamba aliyetufundisha kuziona namba wazi alikuwa mjanja wa kiwango hiki. Nadhani nitawaambia yote.

Hata michoro yake haikuwa salama. Mwaka 1821 alichora bei za ngano na mishahara ya mafundi kwa zaidi ya miaka 250, akitaka kuonyesha kwamba ngano haijawahi kuwa rahisi hivyo kwa mfanyakazi. Ukiitazama, jicho linakimbilia kupanda na kushuka kwa ngano. Angechora fundi anafanya kazi wiki ngapi kununua kipimo kimoja, hoja ingeonekana. Kosa hilo nami nililifanya: niliweka maombi yanayoingia kwenye diski na muda wa kujibu kwenye karatasi moja, kila kimoja na mstari wake, bila kuonyesha uhusiano wake.

Playfair alifariki London mwaka 1823, maskini.

Kabla atlasi haijatoka, Watt alimshauri aambatanishe majedwali, kwa sababu bila hayo msomaji angebaki na neno la mchoraji tu. Ripoti yangu iliyofuata ilikuwa na chati ukurasa wa kwanza. Zile namba 2,016 nikaziweka nyuma.